Barua ya wazi: Tupeni mwaka mmoja wa utafiti wa dawa

Kwa: Waziri wa Afya, Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), Baraza la Famasi, na wakuu wa vyuo vyote vinavyofundisha shahada ya famasi nchini.

YAH: OMBI LA KUANZISHA MWAKA WA UTAFITI KWA WAHITIMU WA SHAHADA YA FAMASI

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfamasia katika hospitali moja ya rufaa Kanda ya Ziwa. Siku zangu zinaishia dirisha la dawa, stoo, na kwa watarajali wanaoletwa kwetu kila mwaka wakiwa wametoka chuoni na makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani. Siandiki kudai nyongeza ya mshahara, ingawa ikija sitaikataa. Naandika kuhusu jambo moja la mtaala ambalo kila mtu katika fani yetu analijua, analisemea kantini, kisha anarudi kazini.

Jambo lenyewe ni muda. Ukitaka kujua kama dawa itadumu rafuni Tanga au Dar es Salaam, kuna kipimo kinachokubalika duniani kote. Unaiweka kwenye kabati lenye joto la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75, unaipima siku ya kwanza, unaipima mwezi wa tatu, unaipima mwezi wa sita. Hicho ndicho kipimo cha haraka. Kile cha kawaida, cha nyuzi 30, huenda mwaka na zaidi. Sasa angalieni mwanafunzi wa mwaka wa nne anayefanya mradi wake wa utafiti. Ukiondoa wiki za kuandika pendekezo, kusubiri kibali cha maadili, mitihani ya masomo mengine na likizo, anabakiwa na wiki chache za kazi yenyewe, tena za kuibia ibia kati ya vipindi. Kumwambia apime uimara wa dawa kwa muda huo ni kama kumwambia apime mvua za masika kwa kukaa nje mwezi wa Januari.

Mwanafunzi si mjinga. Anachagua dodoso.

Ndiyo maana ukiingia maktaba ya chuo chochote cha famasi hapa nchini na kupitia kazi za mwaka wa nne, utakutana na kichwa kilekile kilichobadilishiwa wilaya: maarifa, mtazamo na mwenendo wa wauzaji wa dawa kuhusu antibaiotiki, wilaya fulani. Mwaka unaofuata ni uzazi wa mpango, wilaya jirani. Wasimamizi wanajua. Mhadhiri mwenye wanafunzi wengi wa kusimamia na maabara yenye mashine moja anapoona mwanafunzi amekuja na dodoso, hushusha pumzi. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.

Sidharau dodoso. Maduka ya Dawa Muhimu yalipoanza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, ilibidi watu waende madukani, wakae kwenye benchi, waulize na kuhesabu, ndipo ikajulikana nini kinauzwa na nani anauza. Utafiti wa namna hiyo una heshima yake na wataalamu wake. Ninachokataa ni huu unaofanywa kwa sababu tu ndio unaotosha kwenye semista. Hapo hatuna tena swali linaloamua muda wa kazi. Kalenda ya chuo ndiyo inayoamua maswali gani taifa zima litauliza kuhusu dawa zake.

Nitoe mfano ninaoujua kwa karibu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na seli mundu. Makadirio yanayotajwa sana ni watoto 11,000 kwa mwaka, na Kanda ya Ziwa ina fungu lake kubwa. Dawa inayowapunguzia vipindi vya maumivu na haja ya kuongezewa damu ni haidroksiurea. Dozi yake huhesabiwa kwa uzito, na kwa kawaida huanzia miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12, kwa hesabu ya 20, anahitaji miligramu 240 kwa siku. Kapsuli tuliyoizoea ina miligramu 500. Kuna nchi zenye vidonge vya miligramu 100, vyenye alama ya kukatia. Mimi dirishani nina mama mwenye mtoto mgongoni na kopo la kapsuli mkononi, ananiuliza: “Sasa dokta, nusu ya hii naipataje?” Dirishani sote ni madokta.

Naipataje, kweli? Akimwaga unga kwenye karatasi na kuugawa kwa macho, leo mtoto atapata 180, kesho 320. Tena unga huo si wa kuchezea: ni dawa ya kundi la zile za saratani, haifai kuvutwa puani wala kushikwa kwa mkono mtupu, sembuse na mama ambaye huenda ana mimba nyingine. Njia bora kidogo ni kuiyeyusha. Kapsuli moja katika mililita 10 za maji inatoa miligramu 50 kwa kila mililita. Avute mililita 4.8 kwa bomba la sindano, ampe mtoto. Zinabaki mililita 5.2. Azimwage? Hiyo ni nusu ya dawa aliyoinunua, inamwagwa kila siku. Aihifadhi mpaka kesho? Ndani ya chupa ya maji iliyokwisha kutumika, kwenye nyumba ya bati, mwezi wa Oktoba, maji yenyewe ya kisima yaliyochemshwa? Zipo tafiti za nje kuhusu haidroksiurea iliyoyeyushwa, na zinatia moyo. Lakini zilifanywa kwa maji yaliyosafishwa, chupa za famasi na vyumba vyenye kiyoyozi. Mama huyu hana hata kimoja cha hivyo.

Swali hili halihitaji shahada ya uzamivu. Wala haliwezi kujibiwa kwa wiki nane. Ni swali la mtu mmoja, maabara moja, mwaka mmoja.

Na nawaeleza mwaka wenyewe ungekwendaje, kwa sababu nahisi baadhi yenu mnaufikiria kama likizo ya kusoma makala. Miezi miwili ya kwanza ingeishia kwenye HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali, kutafuta namna ya kuipima dawa yenyewe. Haidroksiurea ni molekuli ndogo inayopenda maji. Kwenye kolamu ya C18, ile neli ya kutenganishia iliyoko kwenye kila maabara, haishiki. Inatoka mapema mno, imebanana na kiyeyusho, na mwanga wa UV inaufyonza kwa shida kiasi kwamba unalazimika kushuka hadi karibu nanomita 214, mahali ambapo kila uchafu nao unaonekana. Kwa hiyo kijana angebadilisha uwiano wa viyeyusho, angebadilisha pH, angeomba kolamu ya aina nyingine kutoka chuo kingine, angekosa, angerudi kwenye ile ya kwanza. Halafu lazima athibitishe kwamba kipimo chake hakidanganyi: kwamba akipima sampuli ileile leo na kesho anapata jibu lilelile, na kwamba dawa iliyoharibika haihesabiki kuwa dawa nzima. Hapo ndipo chupa zinaingia kwenye jokofu, kwenye nyuzi 30 na kwenye nyuzi 40, na kalenda ya kuchota sampuli inaanza. Siku ya kuchota haingoji. Ikiangukia Idi, unakwenda maabara Idi. Umeme ukikatika kabati likapoa usiku kucha, unaandika kwenye daftari kwamba limepoa, na seti ile unaianza upya. Mwezi wa nane mtu ana namba. Mwezi wa tisa namba mbili hazielekei, anarudia. Kisha anasimama mbele ya wenzake na wahadhiri, anaulizwa maswali magumu, anakwenda kuandika tasnifu.

Huo ndio utafiti. Wanafunzi wetu wengi wanahitimu bila kuuonja, halafu tunashangaa mbona viwandani wanaajiriwa wageni kuongoza vitengo vya uundaji wa dawa.

Wenzetu wamelitatua hili zamani. Australia mwanafunzi wa sayansi anamaliza miaka mitatu, na mwenye matokeo mazuri anaweza kuongeza mwaka mmoja unaoitwa Honours: anaingia maabara ya msimamizi mmoja, anapewa swali moja, na mwisho wa mwaka anatoa tasnifu. Akifaulu daraja la kwanza, anaweza kwenda moja kwa moja kwenye uzamivu. Afrika Kusini nao wana mwaka huo kwenye shahada za sayansi, na serikali yao kupitia taasisi ya taifa ya utafiti, NRF, hutoa ufadhili kwa wanaousoma. Si anasa ya matajiri wa mbali. Afrika Kusini ni hapa hapa kwenye SADC.

Kuna mfano wa Australia unaoniuma zaidi. Oksitosini, sindano tunayompa mama baada ya kujifungua ili asitokwe damu mpaka kufa, inahitaji jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Kila mmoja wenu anajua hali ya majokofu kwenye zahanati. Sasa, waliokaa miaka kadhaa wakijaribu kutengeneza oksitosini ya unga, ya kuvuta kwa pumzi, isiyohitaji jokofu, ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, mjini Melbourne. Nawapongeza kwa dhati. Lakini Melbourne jokofu si tatizo. Tatizo ni la Sengerema na Kibondo, na lilipata wa kulifikiria kule kwa sababu kule kuna maabara ambamo kijana wa miaka 22 anaruhusiwa kukaa mwaka mzima na swali moja.

Mtaniambia sisi nasi hatujalala. Kweli kabisa, na ndiyo sababu ombi hili si la ndoto. Desemba 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mfumo wetu wa udhibiti wa dawa umefika ngazi ya tatu ya ukomavu, wa kwanza barani Afrika. Maabara ya mamlaka yetu ya udhibiti wa dawa, ambayo leo tunaiita TMDA, ilikwisha kupata ithibati ya shirika hilohilo tangu 2011. Tunao watu wanaoweza kusoma jalada la dawa kutoka India, yaani nyaraka za kuombea usajili wake, ukurasa kwa ukurasa na kuona palipopungua. Watu wa kuliandika jalada la namna hiyo kwa dawa iliyobuniwa hapa ni wa kuhesabu, na dawa nyingi zilizoko rafuni kwetu bado zinatoka nje. Viwanda tumekuwa navyo tangu enzi za Mansoor Daya mwaka 1962. Leo kuna Keko, kuna Shelys, kuna vipya upande wa Kibaha. Moshi, Shule ya Famasi ya Kilimanjaro imekuwa ikishirikiana na vyuo vya Purdue na Howard vya Marekani kufundisha famasi ya viwandani tangu 2008, na waliopita pale nimekutana nao TMDA na viwandani, ukiongea nao dakika tano unajua wametoka mahali tofauti. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili, ambayo mizizi yake inarudi 1974. Misingi ipo. Kinachokosekana ni ngazi ya kumtoa mhitimu dirishani na kumfikisha kwenye misingi hiyo.

Na maswali hayatungoji. Mwaka 2022 watafiti walikuta Karagwe, mkoani Kagera, vimelea vya malaria vyenye badiliko la R561H, lile lililokuwa limekwisha kuonekana Rwanda, na kwa baadhi ya wagonjwa vimelea vilichelewa kuisha mwilini baada ya dawa mseto. Hii ni dawa tuliyohamia mwishoni mwa 2006, baada ya SP, ambayo nayo tulihamia 2001 baada ya klorokwini. Kila kidonge cha dawa mseto chenye nguvu pungufu kinachouzwa mkoa ule sasa hivi kinavipa vimelea mazoezi. Kuna haja ya mtu kuchukua sampuli kwenye maduka ya mkoa, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, duka lenye feni na duka la bati tupu, azipime maabara na kulinganisha. Ukaguzi wa TMDA unafanya sehemu yake. Utafiti wa kujua kwa nini dawa inaharibika njiani, wapi hasa, na mwezi gani, ni kazi ya mwaka. Nina watarajali wawili watatu ambao ukiwaambia leo waende, kesho asubuhi wako stendi.

Sasa niseme mwaka huu uwekwe wapi, maana hapa ndipo nitatofautiana hata na wenzangu wa vyuoni. Wao wangependa ufuate mara tu baada ya mwaka wa nne, kama Australia. Mimi naona ufuate utarajali. Kwetu mhitimu hawezi kusajiliwa kikamilifu bila mwaka wa utarajali, na mwaka huo ndio unaomkutanisha na yule mama wa kapsuli. Kijana aliyekaa dirishani mwaka mzima anakuja maabara na swali lake mwenyewe, tena lenye hasira ndani yake. Aliyetoka darasani moja kwa moja anapewa swali la msimamizi, na mara nyingi ni lile lililobaki kwenye uzamivu wa msimamizi. Zaidi ya hapo, akiwa amekwisha kusajiliwa, hakuna anayeweza kulalamika kwamba utafiti unachelewesha wafamasia kuingia kazini.

Kuhusu kuingia kazini, tuambiane ukweli. Wafamasia waliosajiliwa, wanaofungua Ajira Portal kila asubuhi kabla ya kunywa chai, si wachache. Wengine, kwa kukosa namna, wametundika cheti ukutani kwenye famasi ambayo hawaingii hata mara moja kwa wiki, wanalipwa kwa ajili ya cheti. Baraza linalijua hili kuliko mimi. Kwa kundi hilo mwaka wa utafiti wenye posho ya kujikimu si mzigo.

Nasema wenye posho kwa makusudi. Bila posho, mpango huu utakuwa wa watoto wa wenye nacho wa Dar es Salaam, na maswali yatakuwa ya Dar es Salaam. Serikali hulipa watarajali posho. Kiwango hichohicho kinatosha. Bodi ya Mikopo tayari ina kipengele cha utafiti katika mikopo yake ya shahada ya kwanza, kwa hiyo wazo lenyewe si geni kwao. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ina mfuko wa MTUSATE wa kuendeleza sayansi na teknolojia. Ombeni watenge dirisha dogo la tafiti za dawa za mwaka mmoja, fomu fupi, majibu ndani ya miezi michache, kwa sababu fomu za ruzuku kubwa zimeandikwa kwa ajili ya maprofesa na kijana akiifungua anaifunga. Wenye viwanda nao wachangie viyeyusho na vifaa. Watakaonufaika na watu hawa ni wao.

Pingamizi nitakalolisikia kwanza ni kwamba shahada ya uzamili ipo, mwenye kutaka utafiti akasome uzamili. Uzamili ni miaka miwili, ada anajilipia, na sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza ni masomo ya darasani. Mfamasia wa Simiyu mwenye wadogo zake watano wa kusomesha haingii huko ili tu kujua kama utafiti unamfaa. Mwaka mmoja ungemwonyesha. Wengine wangemaliza na kusema maabara si mahali pangu, narudi hospitali, na hospitali ingempata mfamasia anayejua kusoma makala ya kitabibu na kuona pale namba zilipolazimishwa. Wengine wangeendelea, na vyuo vingepokea wanafunzi wa uzamivu ambao hawaanzi kwa kufundishwa namna ya kutumia pipeti.

Pingamizi la pili ni wasimamizi, na hili sina jibu jepesi. Mhadhiri wa famasi nchini ana madarasa makubwa, ana vikao, ana kazi ya nje ya kumuongezea kipato. Mkimwongezea wanafunzi wa mwaka wa utafiti bila kumpunguzia kitu, atawasimamia kwa WhatsApp. Usimamizi huu uhesabiwe katika kupandishwa cheo, tena uhesabiwe vizuri, na idadi iwe ndogo. Mwanafunzi mmoja kwa msimamizi mmoja, wawili wakizidi sana. Kwa nchi nzima, Muhimbili, Bugando, St. John's Dodoma na wengine wote, tuanze na watu 20. Ishirini wanaofanya kazi ya kweli wanatosha kuonyesha kama jambo lina miguu.

Halafu kuna mashine. Nimewahi kuonyeshwa HPLC nzuri, imefunikwa kitambaa cha mezani chenye maua, kwa sababu taa ya kigunduzi imeungua na fundi yuko nje ya nchi. Taa tu. Mashine ililetwa na mradi, mradi ukaisha, na katika bajeti ya chuo hapakuwa na mstari wa vipuri. Mkinunua mashine bila kununua miaka mitano ya taa, kolamu na fundi, mmenunua fenicha. Dawa linganishi, yaani sampuli safi za kupimia nyingine, na viyeyusho vya kiwango cha maabara navyo vinakwama forodhani wiki baada ya wiki, vikitozwa na kuhojiwa kama bidhaa za biashara. Kuna dawa linganishi inayosafirishwa kwa baridi; ikikaa bandarini kwenye joto la Dar es Salaam, ikitoka haina thamani ya kulinganishia chochote. Wizara mbili zilizotajwa juu ya barua hii zikikaa na watu wa forodha kwa alasiri moja, hili linamalizika.

La mwisho kwenye mpango wenyewe, na kwangu ndilo kubwa: kila swali liwe na mwenyewe. Simaanishi mwanafunzi wala msimamizi. Namaanisha mtu anayelingoja jibu: hospitali, Bohari ya Dawa, TMDA, kiwanda, ofisi ya mganga mkuu wa mkoa. Jina la ofisi hiyo liandikwe ukurasa wa kwanza wa pendekezo, na mwakilishi wake awepo siku ya kuwasilisha matokeo. Tasnifu zetu nyingi zinakufa maktabani kwa kuwa hakuna aliyeziomba. Na mkubali majibu yasiyofurahisha. Kama kimiminika cha kijana kimeoza mwezi wa tatu, hayo ni matokeo, apewe alama zake, na hospitali iambiwe mapema isiwape watoto. Mtindo wa kumwadhibu mwanafunzi kwa sababu dawa yake haikufanya kazi ndio unaozaa namba za kupika.

Hakuna sheria mpya inayohitajika, kwa kadiri ninavyousoma utaratibu. TCU inaweza kuidhinisha programu ya mwaka mmoja baada ya shahada ya kwanza, Baraza la Famasi linaweza kuutambua mwaka huo katika mafunzo endelevu na katika sifa za kuongoza vitengo vya uzalishaji, na vyuo vinaweza kuanza na vile vyenye maabara inayofanya kazi, vingine vikafuata. Mkiona mwaka wa kwanza wa majaribio uwe chini ya chuo kimoja kwa niaba ya vingine, sitapinga.

Swali la haidroksiurea nimeliandika kurasa mbili, na mkuu wa idara yetu ya watoto amekubali hospitali iwe mwenye swali. Yuko mtarajali anayemaliza zamu zake kwetu ambaye anataka kulichukua, na amekwisha kuanza kukusanya chupa za aina ile ile ambayo akina mama huja nayo. Ameniuliza aombe wapi. Naomba mnijibu ili nami nimjibu, kabla hajapata famasi ya kutundika cheti.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mfamasia, Kanda ya Ziwa